Kitaliano cha Malindi kilivyonipatia chumba Yangzhou

Nilikwenda China kununua mali, si kutembea. Ajuaye biashara ya vitu vya watalii Malindi anajua Yiwu, ule mji wa China wa soko la jumla, ni wapi na watu hufuata nini kule, kwa hiyo soko sitalieleza. Niseme moja tu: vile visumaku vya friji vyenye picha ya twiga, ambavyo Mtaliano huvinunua ufuoni akiamini vimechongwa Gede, vinatoka Yiwu kwa makatoni. Safari hii mwenye kiwanda aliniambia mashine imeharibika, nisubiri. Kusubiri kule si bure. Chumba kinakula pesa hata ukishinda kitandani ukiangalia dari, na kila nikitoka nje nakutana na Mkenya mwenzangu anayetaka tuchange kontena. Nikapiga hesabu, nikaona heri nauli ya treni. Nikaenda Yangzhou.

Jina la Yangzhou nilipewa na mzee mmoja wa Kitaliano niliyekuwa nikimwendesha miaka ya nyuma, mhandisi aliyebaki Malindi baada ya kustaafu San Marco. San Marco ni kile kituo chao cha kurushia satelaiti, majukwaa yaliyosimama baharini pale Ngomeni. Walirusha ya kwanza kutoka pale mwaka 1967, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 wakaiita Uhuru kwa kuwa iliruka siku ya sikukuu yetu. Wahandisi wale walitangulia. Nyuma yao wakaja wenye hoteli, wenye pizza na wenye mbwa wa kubebwa, na sisi watoto wa mji tukaokota Kitaliano ufuoni bila kulipa karo. Mzee huyo alichoshwa na Marco Polo, yule Mtaliano wa kale aliyesimulia safari zake za China. "Marco, Marco, kila siku Marco," alikuwa akisema. "Kule kuna binti wa kwetu amelala tangu 1342 na hakuna anayemuulizia." Akaniandikia jina la mji kwenye karatasi, pamoja na maneno ya jiwe la kaburi kwa Kilatini, na chini yake maana kwa Kitaliano. Karatasi ile ilikuwa kwenye pochi yangu, imekunjika mpaka inataka kukatika.

Treni zao zinakimbia, hilo halina ubishi, lakini nauli nayo inakimbia. Mwenyeji anagusisha kitambulisho, geti linafunguka, anapita. Mwenye pasipoti anapelekwa mlango wa pembeni, na mlinzi anafungua ukurasa mmoja mmoja huku treni yako inaitwa. Nikabadilisha treni njiani, nikakaa karibu na mtoto aliyenikodolea macho mpaka akasinzia, na nikashuka kituo cha Yangzhou Mashariki giza limeshaingia.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kule malipo yote ni ya simu, nasi wa M-Pesa tungejiona wenyeji, ila programu yao inataka kadi ya benki, na kadi yangu ya nyumbani iliamua usiku ule ule kwamba inashuku wizi. Nilikuwa na noti za yuan mkononi, pesa halali yenye sura ya Mao, na dereva wa teksi hana chenji. Nikamwachia iliyobaki. Iliniuma.

Baadaye nilicheka peke yangu, kwa sababu jambo hili ni la zamani. Karani mmoja wa kampuni ya Bardi ya Florence, Francesco Pegolotti, aliandika karibu na mwaka 1340 kitabu cha kuwaelekeza wafanyabiashara njia ya kwenda China, ingawa mwenyewe hakufika. Anasema njia kutoka bahari ya Azov ni salama mchana na usiku, ufuge ndevu, uchukue mkalimani mzuri usiogope gharama yake, na ukifika kule fedha yako inachukuliwa na kuwekwa hazina ya mtawala, nawe unapewa karatasi ya rangi ya manjano yenye muhuri. Na karatasi hiyo, anasema, inanunua hariri na kila kitu. Maana yake tangu enzi hizo pesa uliyokuja nayo haina kazi mpaka waigeuze kuwa yao. Angalau Mtaliano wa Pegolotti aligeuziwa. Mimi mashine iliniandikia jambo kwa Kichina, ikazima.

Hoteli niliyokuwa nimeweka nafasi kupitia simu ilikuwa ya bei nafuu, nyuma ya soko la mboga. Binti wa mapokezi aliiona pasipoti ya Kenya, akaigeuza, akaipiga picha, akampigia mtu simu, kisha akanionyesha skrini ya kutafsiri: hatupokei wageni wa nje. Nikamwonyesha risiti. Akanionyesha skrini tena. Nikamwuliza kwa nini. Skrini ikasema, mfumo. Pesa ilikwisha katwa na haikuwa inarudi usiku ule. Nje mvua nyembamba ya baridi, mimi na begi langu na mfuko wa sampuli za visumaku, na njaa, maana tangu Yiwu sikula kitu kwa kuogopa nguruwe. Nikapandwa na hasira, na hasira ya mtoto wa Malindi aliyelelewa na watalii hutoka kwa Kitaliano. Nikasema kwa sauti, "Mamma mia, che casino!" yaani, mama yangu, balaa gani hii!

Kwenye kiti cha pembeni alikuwapo mzee wa Kichina mwenye koti la kijivu, anakula mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe cha karatasi. Akainua kichwa. Akaniuliza, kwa Kitaliano kile cha Toscana kinachopulizia herufi ya k mpaka inakuwa pumzi tu: "Hawakutaki?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamjibu. Akajibu. Binti wa mapokezi akaacha kuandika.

Mzee alikuwa mtu wa Wenzhou. Alishona nguo Prato, ule mji wa viwanda vya vitambaa jirani na Florence, tangu miaka ya tisini mpaka macho yakachoka. Sasa amerudi, na amekuja Yangzhou kumwona bintiye aliyeolewa huku. Kwa binti nyumba ni ndogo, mkwe naye ni mkwe, kwa hiyo analala hotelini. Yote haya alinieleza amesimama, mkono mmoja juu ya kaunta. Kisha akamgeukia yule binti, akaanza.

Sikuelewa neno, ila ugomvi wa mapokezi hauhitaji tafsiri. Kwanza alikuwa mpole. Binti akasema jambo moja akalirudia. Mzee akapandisha sauti, akatoa simu, akamsomea kitu. Baadaye aliniambia ni tangazo la serikali yao la mwaka 2024 kwamba hoteli zisiwakatae wageni kwa kisingizio cha kutojua kuwaandikisha. Akaja meneja amevaa ndala. Meneja alitaka niende hoteli kubwa ya barabarani, ambayo bei yake kwa usiku ningenunulia sumaku za kujaza duka. Mzee akampiga meneja begani kidogo, akacheka, akasema kitu kirefu akininyooshea kidole. Meneja akanitazama upya. Nikauliza umemwambia nini? "Nimemwambia wewe ni mshirika wangu wa biashara kutoka Italia." Nikamwambia, mzee, pasipoti ni ya Kenya, ameishika mkononi. Akasema, "Ameishika, lakini hajui kuisoma. Ndiyo maana anakukataa."

Ikabidi afisa wa zamu kituo cha polisi aelekeze kwa simu namna ya kujaza fomu: jina la ukoo lipi, la kwanza lipi, Kenya iko wapi kwenye orodha. Mgeni kule lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na hoteli ndiyo hufanya kazi hiyo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 kabla ya kwenda Kilwa, alifika China miaka kama 15 baadaye na akayaona haya haya. Anasema kila nyumba ya wageni kuna afisa anayekuja baada ya magharibi na karani wake, anaandika majina ya wote waliolala, anafunga mlango kwa muhuri, na asubuhi anarudi kuwaita mmoja mmoja. Yeye alisifu, akasema hakuna nchi salama kwa msafiri kuliko ile. Sawa, lakini sidhani karani wake alimweka mbele ya kaunta mpaka karibu na saa sita za usiku.

Chumba chenyewe hakikustahili ule ugomvi. Dirisha linatazama ukuta, taulo nyembamba, na bomba la maji moto linatoa mlio kabla ya kutoa maji.

Asubuhi mzee alinigongea mlango. Alikuwa ameshaamua kwamba siku hiyo ni yangu na yeye. Watu wa Yangzhou kifungua kinywa ni ibada. Wanajaa kwenye nyumba za chai wakila maandazi ya mvuke, na moja kubwa lina mchuzi ndani, wanaunyonya kwa mrija. Nikamwuliza kuna nini ndani. Nguruwe. Hili je? Nguruwe na kuku. Wali wa kukaanga wa Yangzhou, ule wenye jina la mji huu uliosambaa duniani? Una nyama ya nguruwe. Tukaishia kwa Waislamu wa kaskazini magharibi wanaovuta tambi kwa mikono, nikala mabakuli mawili, na hapo tukabishana. Mzee alisema tambi za Wataliano zilibebwa na Marco Polo kutoka China, kila mtu anajua. Hilo nimelisikia pia kwa watalii, na nilishaulizia. Mthibitishaji hati mmoja wa Genoa aliandika kwenye orodha ya mali ya mwaka 1279 kikapu cha makaroni, na Marco alirudi Venice mwaka 1295. Na kabla ya hapo, mwaka 1154, al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyekuwa akimwandikia mfalme wa Sicily, aliitaja Trabia ya kisiwa hicho, ambako tambi kavu zilitengenezwa na kupakiwa merikebuni. Kitabu hicho hicho cha al-Idrisi kinataja Malindi na chuma chake. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi Marco alileta nini?" Nikamwambia alileta maneno.

Na maneno mengine si mazuri, nikiyafikiria. Pwani yetu hakufika, lakini aliiandika. Zanzibar kwake ni kisiwa cha mzunguko wa maili 2,000, watu wake wa kutisha, mmoja anakula chakula cha watano, wanapigana juu ya ndovu walioleweshwa kwanza. Jambo moja alilipata sawasawa: kondoo weupe wenye vichwa vyeusi. Hao wapo, nendeni mnadani Garissa mkawaone. Aliyemhadithia bila shaka alikuwa baharia, na baharia akishachoka na maswali husema lolote.

Jiwe la binti liko kwenye jumba la makumbusho la mji, bila kiingilio, jambo nililolishukuru kwa moyo wote. Nilitarajia kitu kikubwa. Ni kibao cha marumaru ambacho mtu mmoja angekibeba. Mwaka 1951 walipokuwa wakibomoa ukuta wa mji kilipatikana humo. Jiwe la kaburi lilikwisha kuwa jiwe la kujengea. Herufi ni zile za Kizungu cha kale, zenye pembe, na bila karatasi ya mzee wa San Marco nisingeambulia zaidi ya jina. Nikaisoma kwa sauti ya chini, huku mzee wangu akifuata kwa kidole hewani, kwa kuwa Kitaliano anakisema lakini hakujifunza kukisoma. Kwa jina la Bwana, amina. Hapa amelala Caterina, binti wa marehemu Bwana Domenico, aliyefariki mwaka 1342, mwezi wa Juni. Ukoo wenyewe wataalamu wanagombania: wengine wanasoma Vilioni na kumpeleka Venice, wengine Ilioni na kumpeleka Genoa.

Juu ya maandishi kuna picha za kuchonga. Mtakatifu Caterina, somo wake, yuko katikati ya magurudumu mawili ya mateso na malaika wanayavunja. Halafu anakatwa kichwa. Halafu malaika wanamlaza kaburini. Juu kabisa Mariamu amempakata mtoto, na amekaa kwenye kigoda cha Kichina, kifupi, cha miguu minene. Malaika nao wanaruka vile wanavyoruka wale wa kwenye mahekalu ya Budha. Fundi alikuwa mtu wa hapo hapo. Alielezwa hadithi ya mbali, akaichonga kwa mkono aliozoea, na kwenye kigoda hakuna aliyemsahihisha.

Mzee alikaa kimya, halafu akauliza swali ambalo nadhani mtu wa cherehani tu angeuliza. "Jiwe hili nani alilipia? Baba alikuwa ameshakufa."

Nikamwambia huenda kaka. Lilipatikana na jiwe la pili, la Antonio, mtoto wa Domenico huyo huyo, aliyefariki Novemba 1344. Mzee akahesabu vidole. "Sasa la Antonio nani alilipia?"

Hatukupata jibu. Walikuwapo Wataliano wengine mjini, hilo ni wazi, na mafrateri wa Kifransisko walikuwa na nyumba yao Yangzhou. Odorico wa Pordenone aliyepita miaka ya 1320 aliwakuta. Katika mwaka ule ule aliokufa Caterina, mjumbe wa Papa, Giovanni de' Marignolli, alimfikishia mfalme wa Beijing farasi mkubwa kutoka Ulaya, na waandishi wa mfalme wakaliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu zao. Farasi aliandikwa na Wachina. Caterina aliandikwa na ndugu zake tu. Miaka 26 baadaye nasaba ya Wamongolia waliotawala China ikaanguka, 1368, na njia ile ikafungwa.

Tukatoka tukaketi nje kwenye ngazi, mzee akanisimulia Prato. Walikuwa wakilala kiwandani, juu ya mashine, kwenye vyumba vya mbao. Desemba 2013 moto uliwaua watu 7 waliolala hivyo katika kiwanda kimoja cha pale. Yeye alikuwa mtaa wa pili. Bintiye alizaliwa Prato akarudishwa Wenzhou akiwa mchanga kulelewa na bibi, kama walivyofanya wengi, maana kiwanda hakina pa kuweka mtoto. Walionana tena akiwa msichana wa shule, na binti hakumjua. "Domenico alikuja na wake," alisema. Kisha akaniuliza kama nina watoto, na kama nikija China nawaacha na nani. Kwa dadangu, nikasema, na nikatamani tubadili mazungumzo.

Tukaenda kwa Puhaddin. Huyu ni mlinganiaji aliyekuja enzi za nasaba ya Song, inasemekana ni wa kizazi cha Mtume, akafariki mwaka 1275 na kuzikwa ng'ambo ya mashariki ya ule mfereji mkuu unaokwenda mpaka Beijing. Mwaka huo ndio Marco anakisiwa kufika kwa Kublai, mtawala wa Kimongolia wa China. Pale kuna miti mikubwa, ngazi za mawe, na makaburi ya Waislamu wa zamani yenye maandishi ya Kiarabu. Kwa Caterina nilihitaji karatasi. Hapa nilisoma mwenyewe, aya nilizofundishwa chuoni kwa bakora. Mzee akanyoosha kidole kila mstari, hiki je, na hiki? Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Nikaswali, naye akanishikia viatu.

Nyumba ya kumbukumbu ya Marco Polo tuliipitia kwa haraka. Marco alidai alitawala Yangzhou miaka mitatu, ila kwenye kumbukumbu za Wachina jina lake kama mtawala halipo. Mzee hakushangaa. "Mimi kijijini wanajua nilikuwa meneja Prato," alisema. Mle ndani kuna duka la zawadi, nami nikageuza sumaku moja kuangalia nyuma. Bei yake ilikuwa mara nne ya ile ninayouzia watalii, na kazi ni mbaya.

Siku zilizofuata zilikuwa za mvua na za kumpigia simu mwenye kiwanda. Nililala sana. Nilifikiria Mambrui, ambako tukiwa wadogo tulikuwa tukipanda kwenye lile kaburi la nguzo lenye mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa, na watu wazima wakitufukuza. Mwaka 2010 walikuja wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking pamoja na makumbusho yetu ya taifa, wakafukua sarafu ya Yongle, mfalme wa China, pale pale. Ni yule Yongle aliyepelekewa twiga wa Malindi mwaka 1415. Mji mzima ulisema sasa tutaona maendeleo. Lililoletwa ni kibao, nacho jua limeshakifuta. Caterina wamemwekea kioo na taa, na mtu akipita bila tiketi anamwona.

Mali yangu ilitoka hatimaye, twiga wakiwa na shingo fupi kidogo kuliko sampuli. Niligombana, nikapunguziwa kidogo, nikapakia. Mzee bado ananitumia ujumbe wa sauti kwa Kitaliano. Wa juzi anauliza kodi ya chumba cha duka Malindi ni kiasi gani, na kama Wataliano wa kwetu wanarekebishiwa wapi suruali. Nimemwambia fundi mwenye mkono wa Prato hakosi kazi, lakini asimtaje mtu kwamba anatafuta chumba mpaka mimi niandikishe mkataba kwa jina langu, kwa sababu wenye nyumba wa mjini wakisikia Mchina, kodi inapanda kabla hajashuka kwenye ndege.